Siku Nilipokivika Chuo Kanzu

Kigelegele cha kwanza kilipanda juu ya uzio wa mabati unaotutenganisha na nyumba ya Mama Zaituni, kikakatika katikati kama cha mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja, kisha kikarudi kwa nguvu mpya, na kabla sijashusha simu kutoka sikioni kikajibiwa na kingine kutoka nyumba ya nyuma, na kingine kutoka upande wa msikitini, hata nikajikuta nimesimama uani na upawa wa uji mkononi, nikijiuliza kwa utulivu wote wa kisayansi nilionao: ni nani anayeolewa Ujiji saa tatu asubuhi, tena Jumanne?

Kumbe ni mimi.

Nakiri mapema, ili msije mkadhani ninaficha, kwamba aibu hii bado mbichi na ninaisimulia nikiwa nimejifunika uso kwa mkono mmoja. Ninyi mnaonifahamu mnajua kwamba mimi si mtu wa kuropoka. Mimi ni mtu wa kupima. Nimehitimu shahada ya uzamili kwa kupima migebuka mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshusha samaki, urefu kutoka mdomo hadi panda ya mkia, uzito kabla na baada ya kupasuliwa, mpaka wavuvi wakaniita Daktari wa Samaki na wengine wakanionea huruma waziwazi (“Dada, huyo umeshampima jana,” aliniambia mmoja, “ni yuleyule, hajakua”). Ni hapohapo mwaloni ambapo mama mmoja alinikabidhi mtoto aliyekuwa akichemka homa, nami nikamweleza kwa ufasaha wote kwamba udaktari wangu ni wa samaki, si wa watu, akanitazama kwa muda kisha akasema, “Basi mtazame hivyohivyo kama samaki, mradi umtazame.” Nilimsindikiza hadi zahanati, mtoto akapona, lakini mimi sikupona. Nikaanza kuomba nafasi ya kusomea udaktari wa watu, mwaka wa kwanza, mwanzo kabisa, pamoja na vijana walionyoa ndevu zao za kwanza juzi.

Baba sikumwambia. Siku ya mahafali yangu alinishika mabega akasema, “Sasa mwanangu umefika. Kilichobaki ni kutulia,” na kwetu neno kutulia lina maana mbili tu, meza ya ofisini na mume, na haijalishi kipi kitangulie. Nilikuwa nimepanga kumweleza kwa utaratibu, baada ya kupata majibu, baada ya kupima hali ya hewa ya moyo wake. Bila radhi yake nisingekwenda popote, na bila mkono wake nisingeweza hata kama ningetaka. Naye wakati huo alikuwa Kasulu na mama, kwenye harusi ya ndugu, na nyumba nimeachiwa mimi.

Sasa nifike kwenye uamuzi wenyewe, ule mdogo, mdogo kama kokwa la pera, ulioniangusha.

Niliomba vyuo vitatu. Kimoja kiko nyanda za juu, ni cha zamani na kina hospitali yake. Kimoja kiko kandokando ya maji na wanafunzi wamejaa hadi kwenye ngazi. Cha tatu ni kipya, ghali, na wanafunzi wake wa kwanza bado hawajahitimu. Mtu wa kawaida angevilinganisha, akachagua, akalala. Mimi nilifundishwa kwamba mpimaji akijua jina la anachokipima mizani huinama, kwa hiyo nikaamua kuvificha vyuo nyuma ya majina ya bandia. Herufi nilizikataa, kwa sababu A inanukia ushindi wa mtihani. Namba nilizikataa, kwa sababu moja daima hujiona ya kwanza. Samaki nilifikiria kwa muda mrefu, nikawakataa pia, kwa sababu kuhe ni mtamu mno na ningekwenda popote palipoitwa Kuhe. Nikaona nitumie majina ya wanaume, kundi ambalo (naandika haya kwa unyenyekevu) sikuwa na upendeleo wala uzoefu nalo. Cha nyanda za juu kikawa Saidi. Cha majini kikawa Rajabu. Kipya kikawa Faraji.

Rafiki yangu Upendo, tuliyesoma pamoja na sasa ni mhasibu Morogoro, ndiye niliyekuwa nikijadiliana naye kwa simu kila asubuhi. Mtandao nyumbani kwetu unashika vizuri sehemu moja tu, kwenye kona ya uani, kati ya tangi la maji na yale mabati. Upande wa pili wa mabati hayo, kwa umbali wa pumzi, ndipo Mama Zaituni anapochambulia dagaa.

Naomba mketi upande wake kwa muda mfupi, mnisikilize kama alivyonisikiliza yeye.

“Nimeomba kwa wote watatu kwa mpigo, Upendo, siwezi kumtegemea mmoja.” “Rajabu ni mzuri, yuko karibu na maji, ila nasikia kwake mnalala wanne chumba kimoja.” “Faraji bado mchanga na anataka pesa nyingi, na wa kwanza wake hawajamaliza hata kutoka.” “Saidi ni mzee, ndiyo, lakini wamepita wengi kwake na hakuna aliyejuta.” Halafu, wiki nzima baadaye, kwa huzuni ambayo hata mimi niliona imezidi: “Faraji kanikataa. Hata sababu hakutoa.”

Jumanne ile ujumbe uliingia nikiwa bado ninazungumza, nikausoma, uji ukaruka kutoka kwenye upawa, nami nikapiga kelele za mtu aliyesahau kabisa elimu yake: “Saidi kanikubali! Upendo, Saidi kanikubali!”

Hapo ndipo kilipopanda kile kigelegele.

Mama Zaituni aliingia bila hodi, bakuli la dagaa likiwa bado mkononi, machozi yakimtoka. “Mwanangu wee! Nimesikia kwa masikio yangu yote mawili. Kakukubali!”

Mnauliza kwa nini sikushtuka. Kwa sababu niliishi na yale majina mwezi mzima, jamani. Katika kichwa changu Saidi alikwisha kuwa na mihadhara na maktaba. Nilidhani tu kwamba mwanamke huyu amesikia habari za chuo na anafurahi, nikamkumbatia, dagaa na yeye.

“Amenikubali, mama. Nilikuwa nimeshakata tamaa.”

“Na yule Rajabu?”

“Rajabu naye kanikubali wiki iliyopita, ila nadhani nitamwacha. Kwake kumejaa.”

Mama Zaituni alifumba macho kwa shukrani. “Umefanya jambo. Nyumba ya wengi haina usingizi. Lakini huyu Saidi, nasikia umri umekwenda.”

“Huo ndio uzuri wake! Wachanga wanajifunzia kwako wewe. Saidi anajua anachofanya.”

“Astaghafirullah,” alisema, lakini hakuondoka.

“Halafu ana hospitali yake mwenyewe, mama. Unatoka chumbani, unaingia wodini.”

Uso wake ulibadilika. Niliuona ukibadilika, nikautafsiri vibaya. “Hospitali,” alisema polepole. “Ya kwake.”

“Ya kwake. Ila baba bado hajui. Naomba ibaki kati yetu wawili mpaka nizungumze naye.”

(Kumwomba Mama Zaituni siri ni sawa na kumwomba punda akuimbie taratibu. Ninalijua hilo tangu utotoni. Niliomba hivyohivyo.)

Nilichotakiwa kufanya siku ile kilikuwa kimoja. Mwombaji aliyekubaliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri, akaiingize mtandaoni kuthibitisha kile anachokitaka, na dirisha la kuthibitisha lilikuwa linafungwa siku hiyohiyo. Ukichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine na wewe unarudi kwa migebuka. Namba nilikuwa nayo. Kidole nilikuwa nacho. Nilichokosa ni moyo wa kumpigia baba kwanza, kwa hiyo nikafanya wanachofanya watu waoga wenye elimu: nikaanza kuandaa hoja. Simu nikaiacha kwenye chaji chumbani, ikiwa kimya, ili nisisumbuliwe nikitunga utangulizi.

Sikumaliza utangulizi. Kabla ya adhuhuri Shangazi Tatu, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameshuka kutoka Katubuka kwa bodaboda, nyuma yake bodaboda nyingine, na nyingine, zote zimebeba wanawake wa ukoo waliovaa khanga za sare, na wa mwisho amepakata beseni la migebuka na dumu la mawese. Walijaa sebuleni. Nilifurahi! Nilisema moyoni, tazama jinsi ukoo wetu unavyothamini elimu.

Shangazi hakuketi. “Shikamoo” yangu aliipokea kwa “marahaba” fupi kama mlango unaofungwa. “Niambie mwenyewe. Ni kweli umeomba wewe? Hukuombwa, umeomba?”

“Nimeomba mimi, shangazi. Siku hizi kila mtu anaomba mwenyewe. Mtandaoni.”

“Mtandaoni!” Aliwageukia wenzake. “Mmesikia? Mbele za watu.”

“Tena kwa watatu,” nilisema, nikidhani ninajitetea. “Ukiomba kwa mmoja akakukataa, unabaki nyumbani mwaka mzima.”

“Hapo anasema kweli,” alinong’ona mama mdogo Hadija kutoka kwenye mkeka. “Mwaka mzima ni mwingi.”

“Nyamaza, Hadija. Na mtaishi wapi?”

“Kwake, shangazi, miaka mitano. Halafu mwaka mmoja wa mazoezi popote nitakapopangiwa, kisha ninarudi zangu nyumbani.”

Niliwasikia nzi kwenye beseni la samaki. Shangazi aliketi, hatimaye, polepole.

“Unaingia ukiwa umeshapanga siku ya kutoka,” alisema. “Sawa. Dunia imebadilika, nasikia. Lakini mwanangu, mazoezi yanakuja mwisho? Mazoezi hutangulia. Ndiyo kazi yetu sisi makungwi.”

Mama mdogo Hadija alijifunika uso kwa khanga na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nataka mjue kwamba hapo nilianza kuhisi kasoro. Mimi ni mtu wa dhana, nikazipanga kichwani mojamoja: pengine shangazi anakichukia chuo cha zamani, pengine ana mtu wake kwa Rajabu, pengine Kiswahili changu cha kitaaluma kimemzidi. Nilikuwa bado ninazipima, kwa makini, kwa haki, bila upendeleo, wakati ilipopigwa hodi ya kiume mlangoni.

Aliyeingia alikuwa Mzee Saidi wa Gungu. Mgane, mtu wa heshima, kofia iliyoshonwa kwa mkono, kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata mkate. Amezika mke mmoja, ameachana na wengine kwa salama. Na ndiye mwenye zahanati moja ya rangi ya kijani hukohuko Gungu, naye anaishi chumba cha nyuma yake. Unatoka chumbani, unaingia wodini. Mama Zaituni alikuwa amekaa na ushahidi wangu, akauchambua kama dagaa, akafikia jibu ambalo mtafiti yeyote makini angelifikia, kisha akampigia dada yake Mzee Saidi kumpa hongera.

“Binti,” alisema Mzee Saidi baada ya salamu zote kuisha, akiwa amesimama wima, macho chini kwa adabu. “Nimeambiwa kwamba nimekukubali. Mimi si mtu wa kurudi nyuma nikishasema neno. Ila ninaomba tu kukumbushwa, nilisema lini?”

Ndugu zangu. Kuna aibu inayopanda usoni kwa joto, na kuna aibu inayoshuka hadi kwenye nyayo, ukahisi sakafu inakujua. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaufungua tena kama sato kwenye mtumbwi, na sentensi iliyotoka, mimi niliyetetea tasnifu mbele ya maprofesa, ilikuwa hii: “Saidi si mtu. Saidi ni chuo.”

“Chuo?” Shangazi alikunja uso. Kwetu Ujiji chuo cha kwanza ni kile cha Kurani, na hicho ndicho alichokifikiria. “Chuo kipi tena? Si ulishahitimu kwa maalim ukiwa mdogo, tukachinja na mbuzi?”

“Chuo kikuu, shangazi. Cha udaktari. Niliviita vyuo kwa majina ya watu ili nisivipendelee.”

Nilieleza. Nilieleza mizani, nilieleza upendeleo wa herufi A, nilimweleza hata kuhe, na kadiri nilivyoeleza kwa usahihi ndivyo nyuso zilivyozidi kunitazama kama mtu anayehitaji kusomewa dua. Mama mdogo Hadija ndiye aliyeokoa muda.

“Na Rajabu?”

“Chuo.”

“Na yule aliyekukataa?”

“Chuo.”

“Lahaula,” alisema mwanamke mmoja karibu na mlango, mkono kifuani. “Rajabu wa nyavu, kule Bangwe, tumeshampigia kumpa pole. Mke wake amepokea.”

Mzee Saidi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa, akaivua tena. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha chini kisicho na sauti, kilichoanzia tumboni na kumtikisa mpaka kofia ikahama, na kilipomfika Hadija sebule nzima ikaanguka, wanawake wakapigana mabega, mmoja akalala kabisa kwenye mkeka, na kutoka upande wa pili wa mabati (sikushangaa hata kidogo) tukasikia bakuli likianguka.

“Basi binti,” alisema mzee alipopata pumzi, “ukimaliza kwa huyo somo wangu, mwenye jina langu, wa milimani, njoo uniombe tena. Kazi. Zahanati yangu ina kila kitu ila daktari.” Akaaga kwa heshima ileile aliyoingia nayo, na mlangoni akageuka. “Nilipiga pasi mwenyewe,” alisema, akiishika kanzu yake. Mpaka leo sentensi hiyo hunijia nikipiga mswaki.

Shangazi peke yake hakuwa amecheka hadi mwisho. “Na baba yako,” aliuliza, “anakijua hiki chuo chenye ndevu?”

Nilitikisa kichwa.

“Basi ujue mimi nimempigia asubuhi. Nimemwambia binti yako kaposa mzee.”

Nilikimbilia chumbani. Simu ilikuwa imejaa jina lake, chini mpaka juu, mtu aliyepiga na kupiga bila kujibiwa huku akiwa harusini kwa watu. Kwenye kona ya kioo saa ilikuwa inakwenda kulekule dirisha linakofungia. Sikuwa na utangulizi. Sikuwa na hoja. Nilikuwa na wanawake jikoni wanaokaanga migebuka kwa mawese kwa sherehe iliyokosa bwana harusi.

Nimejifunza nini? Kwamba lugha yetu ina ngeli, na ngeli si mapambo ya kutungia mitihani. Ni ukuta wa nyumba. Sema “kimenikubali” na kila mtu ataendelea kuchambua dagaa wake. Kivike kanzu kwa mdomo wako, useme “kanikubali”, na kabla ya adhuhuri kanzu hiyo itakuja imepigwa pasi. Nimeapa kwamba kuanzia siku ile chuo kwangu ni chuo, mti ni mti, na upendeleo wangu nitaubeba waziwazi kama mzigo wa mtu mwingine yeyote. Ila kiapo hicho nilikiapa baadaye. Wakati ule nilikwenda tu kwenye kona ya tangi, nikamsikia Mama Zaituni akizuia pumzi upande wa pili, nikapiga.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba.” Nyuma yake ngoma zilikuwa zinalia. “Nimeambiwa.”

“Baba, kilichonikubali ni chuo. Ki, baba. Chuo kimenikubali. Nilikipa jina la mtu, shangazi akaelewa ni mtu.”

Ikaja sauti ya mama, mbali kidogo: “Anasemaje?” Na baba, bila kuondoa simu mdomoni: “Anasema mchumba ni jengo.”

“Ni chuo cha udaktari, baba.”

“Wa samaki?”

“Wa watu.”

Ngoma zilififia; alikuwa anatembea, anajitenga. Nikamweleza kuhusu yule mama wa mwaloni na mtoto wake, na yale maneno ya mtazame hivyohivyo kama samaki. Hii sikuipanga wala kuipima, ilitoka na kamasi.

“Kumbe hujafika,” alisema.

“Bado, baba.”

“Na mimi nilishawaambia watu wote kwamba umefika.”

“Najua, baba.”

Alikohoa, kikohozi chake cha kutafuta neno. “Mahari je? Shangazi yako ameshapanga na ya kuomba.”

“Huyu tunamlipa sisi, baba. Kila mwaka.”

Nilisikia kitu ambacho kwanza nilidhani ni mtandao unakatika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mama akamfuata kumuuliza tena, na kupitia kicheko hicho akaniuliza chuo kinataka jibu lini, nikamwambia leo, kicheko kikakoma ghafla, na ikaja ile sauti aliyokuwa akinihimizia shule nilipokuwa mdogo, ya kuamsha nyumba nzima.

“Sasa unaongea na mimi ya nini? Kata simu, ukamthibitishe huyo Saidi kabla hajaoa mwingine!”